Wiki ya sita sasa, simu naingia nayo bafuni

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 26, naishi Nyakato hapa Mwanza kwa mjomba wangu. Shahada yangu ni ya uhasibu, huu ni mwaka wa tatu tangu nimalize chuo, na maombi niliyotuma nimeshaacha kuyahesabu. Wiki sita zilizopita niliitwa intavyu Dar es Salaam, kampuni moja ya kusambaza vinywaji. Nauli nilikopa, nikafikia Mbagala kwa dada mmoja niliyesoma naye, na siku yenyewe saa kumi na moja alfajiri nilikuwa kituoni nasubiri daladala.

Mezani walikuwa watatu. Maswali ya kodi nilijibu vizuri. Waliniuliza ritani ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani, inapelekwa lini, nikasema tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na PAYE, ile kodi ya mishahara, tarehe 7. Yule mzee wa katikati akaitikia kwa kichwa. Halafu mama mmoja akaniuliza kama nimewahi kukuta upungufu kwenye hesabu, na nilifanya nini. Hilo nilikuwa nimelikariri YouTube, nikashusha Kiingereza chote bila kupumua. Nilipomaliza akaniuliza, "Lakini wewe mwenyewe, limewahi kukutokea?" Nikasema sijawahi kuajiriwa. La mwisho likawa mshahara. Nikajibu wowote watakaonipa. Wakasema asante, tutakupigia.

Shangazi, tangu siku hiyo sina maisha. Simu naingia nayo bafuni nikiwa nimeifunga kwenye nailoni. Arobaini ya bibi yangu Ukerewe sikwenda, nikisingizia tumbo, kumbe naogopa kule mtandao unakatika. Nimeshapiga ofisini kwao mara nne, sasa dada wa mapokezi ananitambua kwa sauti. Mama ameshatangaza kwenye jumuiya kwamba nimepata kazi Dar, kila Jumamosi naulizwa naondoka lini.

Juzi niliuliza kwenye grupu la WhatsApp la watafuta kazi kama kuna mtu ameshaitwa na kampuni ile. Jioni nikapokea ujumbe wa namba nisiyoijua: yeye yuko ndani, jina langu ni la pili, nitume 150,000 asukume faili. Sijatuma, ila usiku ninaiwazia.

Kuna na jingine. Jina langu limetoka kwenye tangazo la usaili wa mchujo la Sekretarieti ya Ajira ya serikali, Mhasibu Daraja la II, wiki tatu kutoka sasa. Sijui niende au nitakuwa naharibu nauli nyingine. Kwenye cheti cha kuzaliwa jina langu lina "y", cha kidato cha nne lina "i", sijui kama ni tatizo. Na mjomba anataka jibu mwisho wa mwezi. Anafungua duka la pili Kisesa, anasema nilisimamie kwa 350,000. Sasa hivi ananipa 250,000, nakula na kulala kwake. Nikikubali, nikaitwa Dar wiki inayofuata, nitamwangaliaje usoni?

Duka lenyewe ni la vifaa vya ujenzi, sikuliandika kwenye CV kwa sababu ni la ndugu. Kazi yangu ni daftari, mashine ya risiti ya EFD na kuhangaika na misumari. Mwaka jana misumari ilikuwa inapungua kila mwezi mpaka mjomba akataka kumfukuza kijana wa stoo. Nikaazima pakiti ya sukari ya kilo moja duka la jirani, nikaiweka kwenye mizani yetu, mshale ukaishia gramu 960. Nikajaribu na pakiti nyingine mbili, vilevile. Tukabadilisha mizani, basi, hayo ndiyo maisha yangu ya uhasibu.

Nisaidie, Shangazi.

Msubiri wa Nyakato

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikacheka kwenye nailoni. Mara ya pili nilipofika kwenye misumari nikaweka miwani mezani. Kabla sijaanza kujibu barua zenu nilikaa upande ule wa meza miaka kumi na tisa, nikiuliza maswali kama la huyo mama. Wahasibu waliokariri YouTube nimewasikia hadi najua sentensi inayofuata. Mtu aliyekwenda kuazima sukari kwa jirani ili apime mizani sijawahi kumpata.

Rudi kwenye kile chumba. Huyo mama alikuuliza mara mbili, na mara ya pili alikuuliza kwa sababu alikuwa anakutafutia njia. "Wewe mwenyewe, limewahi kukutokea?" Ulikuwa nalo jibu, umeliishi, ukamwambia hujawahi kuajiriwa. Yeye hakuuliza kuajiriwa.

Hebu tuhesabu pamoja. Mizani ikisoma gramu 960 kwa kilo nzima, maana yake ili mshale ufike kwenye kilo lazima muuzaji aongeze misumari, kama gramu 40 hivi. Mteja anaondoka nazo bure. Katoni ya kilo 50 inaisha mmeuza kilo 48. Mkiuza katoni ishirini kwa mwezi, kilo 40 zimetoka dukani bila risiti, na hakuna aliyeiba. Kwenye daftari huo unaonekana ni wizi wa stoo. Wewe ulikataa kuamini daftari peke yake, ukaenda kuangalia kinachopima. Huo ndio uhasibu wenyewe, mwanangu, na kuna watu wana CPA, cheti cha juu cha uhasibu, wangemfukuza kijana wa watu.

Sasa usaili ujao, popote utakapokuwa, swali hilo likija (na litakuja, kwa mhasibu huwa halikosi) jibu hivi: "Nafanya kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nasimamia hesabu na stoo. Mwaka jana kila mwezi misumari ilipungua, na mwenye duka alimshuku mtunza stoo. Nililinganisha manunuzi na mauzo, nikaona upungufu unafuata kiasi tunachouza: tukiuza sana, unakuwa mkubwa. Nikapima mizani kwa pakiti tatu za kilo moja, zote zikasoma 960. Tukabadilisha mizani, upungufu ukakoma." Hapo palipo na mambo ambayo hukuniandikia, kama huo ulinganisho, weka ulichofanya kweli, usichukue maneno yangu. Na uwe na tarakimu zako kutoka daftarini: zilipungua kilo ngapi, shilingi ngapi. Dakika mbili zinatosha. Msimulie kwanza rafiki yako kwa Kiswahili, akielewa bila kukuuliza kitu ndipo usimulie kwa Kiingereza. Kiingereza chako kitakuwa cha kawaida na kitaaminika. Wakikuuliza ungefanya nini zaidi, sema ungeita Wakala wa Vipimo, kwa sababu mizani ya biashara inatakiwa kuhakikiwa na kugongwa muhuri. Kama ya dukani haikuwa na muhuri halali, hiyo mmalizane na mjomba leo jioni.

Na duka liingie kwenye CV usiku huuhuu. "Mhasibu na msimamizi wa stoo", tangu mwezi gani mpaka sasa, chini yake mistari mitatu ya ulichofanya. Kwamba mwenye duka ni mjomba wako hakuna haja ya kuliandika. Wakiuliza, sema. Ila kwenye wadhamini usimweke yeye, weka mtu asiye ndugu anayeiona kazi yako, kwa mfano msambazaji mnayelinganisha naye hesabu kila mwezi, na umwombe ruhusa kwanza.

La mshahara limeniuma. "Wowote mtakaonipa" watu huliona ni unyenyekevu, ila mezani linasomeka kwamba mhasibu hajapiga hesabu zake mwenyewe. Chukua karatasi. Tuseme wangekupa 700,000. Mchango wa mfanyakazi kwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 10, inaondoka 70,000. Inabaki 630,000 ya kukatwa kodi, na PAYE yake inakuja 42,000. Kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi ni 105,000. Mkononi unashika 483,000. Dar es Salaam mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mbele, kwa hiyo chumba na sebule cha 120,000 kwa mwezi ni 720,000 hujanunua hata ndoo, na dalali anataka ya kwake ya mwezi mmoja. Hapo ni 840,000 kabla hujalala usiku wa kwanza. Halafu linganisha na 350,000 ya Kisesa, kwa mjomba, na chakula juu. Sisemi usiende Dar. Nasema ujue unaenda kwa bei gani. Waulize uliosoma nao walioajiriwa wanapata kiasi gani, ukiulizwa taja kiwango chako cha chini na cha juu, na cha chini kiwe kile ambacho unaweza kuishi nacho kweli. Ukitaja 850,000, kwa makato hayohayo utashika kama 568,000. Sasa hapo unaongea kama mtu wa fani.

Tuje kwenye simu isiyolia. Nikueleze kinachotokea ndani, maana mnafikiri wakikaa kimya wamewakataa. Mara nyingi usaili unaisha, alama zinajumlishwa, faili linakwenda kwa mkurugenzi, na mkurugenzi amesafiri. Au mtu wa fedha anasema hiyo nafasi isubiri bajeti. Au wa kwanza kwenye orodha amepewa ofa naye ana kazi kwingine. Aliyeajiriwa kwa mshahara wa mwezi kisheria anatoa notisi isiyopungua siku 28. Anaaga, mwajiri wake anamwongezea mshahara, anabaki palepale. Ndipo tunafungua faili tena tukamtafuta wa pili, na huo ni mwezi wa pili. Nimewapigia watu wa namna hiyo, wengine walishasahau walisailiwa na nani. Pia nimeona makampuni yanayochagua mtu wiki ya kwanza na wale wengine hayawaambii kitu mpaka leo. Ni utovu wa adabu, na tuliufanya hata sisi.

Kwa hiyo wiki sita haina maana moja. Ila simu nne zimetosha. Dada wa mapokezi hana faili lako. Andika baruapepe moja kwa afisa rasilimali watu aliyekuita, fupi: "Nilihudhuria usaili wa nafasi ya Mhasibu tarehe fulani. Bado nina nia na nafasi hiyo. Naomba kufahamu kama mchakato unaendelea au umekamilika, ili niweze kupanga shughuli zangu. Asante." Weka jina na namba. Kisha kaa kimya. Wasipojibu ndani ya wiki mbili, hiyo nafasi itoe kwenye hesabu zako. Ikija kulia baadaye ni faida.

Huyo wa 150,000 mzuie leo. Hajui jina lako ni la ngapi, anajua ulichoandika kwenye grupu, na wengine kumi wameandika kama wewe. Na hata angekuwa ndani kweli, hiyo ni rushwa, na sheria inamshika anayetoa sawa na anayepokea. TAKUKURU namba yao ni 113, kupiga ni bure. Ujumbe wake usiufute. Na ofa ikija, mtu yeyote akikuomba hela ya mafunzo, ya vipimo vya afya au ya sare kwa namba yake ya simu, ni mwenzake na huyo.

Usaili wa Sekretarieti nenda. Hapo sina "lakini". Maombi yako yamepita, jina limetoka, na nauli ya kwenda kuufanya ni ndogo kuliko miaka mitatu uliyoungoja. Ila hilo la "y" na "i" ni tatizo, tena kubwa kuliko unavyolichukulia. Matangazo yao yanasema wazi kwamba mwenye majina yanayotofautiana kwenye nyaraka aje na hati ya kisheria ya majina, ile watu wanayoiita didi poli. Wakili ndiye anayeiandaa, inasajiliwa, na haitoki siku moja. Una wiki tatu. Jumatatu asubuhi uwe kwa wakili, duka lifunguliwe na mwingine. Vyeti ubebe vile halisi, kuanzia cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita mpaka cha chuo, maana hati za matokeo na vyeti vya muda hawapokei. Na kitambulisho. Soma tangazo lote mpaka chini, hasa mstari wa mahali na saa, usisome jina lako tu ukafunga simu. Chakula, usafiri na malazi ni juu yako, panga mapema.

Mchujo ni wa kuandika, na ukiupita ndipo unaitwa kwenye mahojiano. Usisome ya chuo peke yake. Upande wa serikali watataka ujue viwango vya uhasibu wa sekta ya umma, IPSAS, Sheria ya Fedha za Umma, Sheria mpya ya Ununuzi wa Umma ya 2023, na angalau ujue MUSE, mfumo wa malipo wa serikali, unafanya kazi gani. Saa moja na nusu kila usiku baada ya kufunga duka. Ukifaulu mahojiano na nafasi zikawa zimejaa, unaingizwa kwenye kanzidata kwa muda, na kuna watu wamepangiwa kituo kutoka humo wakati walishakata tamaa. Ndiyo, ni kusubiri kwingine. Safari hii utasubiri ukiwa Kisesa.

Maana la mjomba nakujibu hivi: kubali. Lakini usikubali kwa kujificha. Mkalie sebuleni umwambie, "Mjomba, nitalisimamia duka. Usaili wa serikali ninao wiki tatu zijazo na nitakwenda. Nikiitwa kazi, nitakupa mwezi mmoja na nitakuwa nimeshamfundisha mtu." Anayefungua duka la pili akamtaka binti wa dada yake alisimamie ameshaona kitu, hatashangaa wengine wakikiona. Muandikiane hata ukurasa mmoja, kazi zako na hizo 350,000. Mambo ya ndugu yasiyoandikwa huwa yanaishia kwenye vikao. Na huyo wa kumfundisha umwanzishe mapema, usingoje barua.

Mama nimemwacha kwa makusudi, kwa sababu hilo ni lako. Mpigie kabla ya Jumamosi. "Mama, kazi bado, nimesailiwa tu." Ataona aibu siku moja mbele ya jumuiya, halafu watakuombea kwa jambo lililo kweli.

Na kwa bibi yako, arobaini imepita lakini kaburi liko palepale. Panda meli ya Nansio mwisho wa wiki hii, kabla vitabu havijakubana. Mtandao ukikatika, anayekutaka kazi atapiga tena Jumatatu. Nimewahi kumpigia mtu siku tatu mfululizo nikimkosa, wala sikumfuta.

Kitu kimoja hukuniambia. Huyo kijana wa stoo, bado yupo?

Shangazi